Kuuma na Kupuliza

Asubuhi za Juni hapa Matai zina ubaridi unaopenya blanketi mbili. Ukungu unalala juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, moshi wa kuni unashindwa kupanda na kubaki umetanda usawa wa mapaa, na anayeamka wa kwanza ndiye anayewasha moto. Siku hiyo nilikuwa mimi. Nilipiga magoti mbele ya mafiga, nikapuliza, na kati ya pumzi moja na nyingine nikasikia sauti nyembamba, kama ya bawaba inayofunguka mbali sana. Ilitoka nyuma ya magunia ya mahindi. Nikavuta gunia la mwisho, nikamulika kwa simu. Juu ya kipande cha kadibodi chenye gundi ya rangi ya asali, nilichokitega mwenyewe jana yake usiku, alikuwa amelala panya mchanga, urefu wake haukuzidi kidole changu. Miguu yote minne ilikuwa imezama. Shavu moja lilikuwa limeganda, sharubu za upande huo zimelala kwenye gundi, na jicho lililobaki juu lilikuwa wazi, jeusi, linang'aa kama mbegu ya papai. Ubavu wake ulikuwa unapanda na kushuka kwa kasi isiyohesabika. Pale alipojaribu kujing'oa palikuwa na manyoya yaliyobaki kwenye gundi, na mahali yalipotoka manyoya hayo palikuwa pekundu.

Bibi jirani, ambaye jiko lake linatazamana na langu, alikuja kuomba kaa la moto akiwa na mjukuu wake. Nikamwamkia, akaitikia, akachungulia nyuma ya magunia.

"Umempata?"

"Nimempata, bibi. Lakini bado yu hai."

"Basi mmalize, baba. Usimwache hivyo. Hata huyo naye ana pumzi."

Mjukuu alikuwa amechuchumaa karibu na kibao. "Anko, amenasa tangu jana?"

Sikumjibu. Nilichukua mafuta ya alizeti, nikamimina kidogo kidogo kuzunguka mwili ule, kwa sababu niliwahi kusikia kwamba mafuta ya kupikia hulainisha gundi ya namna hiyo. Ni kweli, hulainisha. Alitoka. Lakini mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umevunjika na kugeukia nje, na alipojaribu kwenda alikwenda duara. Bibi alinitazama tu. Nikamtoa nje, nikamlaza juu ya jiwe, nikampiga pigo moja kwa mpini wa jembe. Nilimzika pembeni mwa bustani ya mboga, na mtoto ndiye aliyeleta udongo kwa viganja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria. Kifo chake sicho kinachonisumbua. Aliyekulia shamba ameona kuku akichinjwa, ameona mbuzi wa sikukuu, na anajua kwamba chakula cha mtu kina damu ndani yake hata pale kinapoonekana cheupe kama unga. Kinachonisumbua ni saa zile. Nilitega saa mbili usiku, nikala ugali wangu na maharage, nikafunika sufuria, nikazima taa, nikalala usingizi mzuri. Na wakati wote huo, hatua nane kutoka kitandani kwangu, kuna kiumbe kilikuwa kinavuta mguu mmoja na kuuzamisha mwingine. Pengine alinasa saa nne ya usiku, pengine saa tisa. Katika usiku wa Ufipa, ambao hata mtu mwenye blanketi anauhesabu, yeye alikuwa amebandikwa kifudifudi. Hakuna aliyehitaji saa zile. Mahindi hayakuzihitaji; yalikuwa salama tangu alipokanyaga gundi. Mimi sikuzihitaji, nilikuwa nimelala. Zilikuwa mateso yasiyomfaa mtu yeyote, na niliyanunua kwa fedha yangu.

Niliyanunua kwa kijana anayepita mitaani na spika, yenye ile sauti iliyorekodiwa ambayo kila mji wa Tanzania unaifahamu: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Nimeisikia Sumbawanga stendi, nimeisikia Mbeya, nimeisikia Dar es Salaam, na miaka yote hiyo sikuwahi kusimama kwenye neno lenyewe. Dawa. Neno lile lile tunalompa mama kwa ajili ya mtoto mwenye homa. Lugha yetu ina usemi juu ya panya: husemwa kwamba anapomwuma kisigino mtu aliyelala, huuma na kupuliza, huuma na kupuliza, ili yule mtu asisikie uchungu hadi asubuhi atakapoona kidonda. Tunautumia usemi huo kumsuta mnafiki, anayekuumiza huku anakubembeleza. Nimeutafakari upya mbele ya kibao changu. Panya wa usemi ule angalau humpulizia yule anayemwuma. Mimi niliuma, na pumzi yote ya kupuliza nikaielekeza kwangu mwenyewe: nikasema ni dawa, nikasema ni mtego tu, nikasema ni panya tu, mpaka nikaacha kusikia.

Wanaotumia sumu hawako mbali na hapo nilipokuwa. Aina inayouzwa sana siku hizi huzuia damu kuganda, na panya aliyeila huvuja damu ndani kwa ndani kwa siku tatu, nne, hata wiki, akizidi kulegea. Aina ya zamani, ile ya unga wa kijivu wenye zinki, hugeuka gesi tumboni na kuua kwa saa chache zenye maumivu makali. Na kwa kuwa panya aliyelegea ndiye rahisi kukamatwa, sumu haiishii kwake. Huhamia kwa paka aliyemla, kwa mbwa aliyemwokota, kwa bundi aliyemdaka usiku kwenye ua. Wahenga walisema mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo. Mara nyingi methali hii husemwa mahakamani na kwenye misiba, juu ya watu wanaoponzwa na jambo lisilowahusu, na tumesahau kwamba ilianza kama maelezo ya kitu cha kweli chini ya kabati.

Bundi huyo nina neno naye. Wataalamu wa mazao watakuambia kwamba hakuna anayekula panya usiku kwa bidii kumshinda, na kwamba jozi moja yenye makinda inaweza kulisaidia shamba kuliko mifuko kadhaa ya sumu. Lakini bundi akilia juu ya paa letu, tunatoka na mawe. Tunasema ametumwa. Wilaya yetu ya Kalambo ni jirani wa karibu na mji ambao jina lake, kama wazee wanavyolifafanua, linamwamuru mgeni autupe uchawi wake kabla ya kuingia: sumba wanga. Hata hivyo bundi aliyekuja kutulinda bila mshahara tunamuua kwa hofu ya uchawi, kisha asubuhi tunamwita kijana wa spika. Wafipa wa kale hawakuwa hivyo kwa kila kiumbe. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1974 kitabu juu ya mtu na mnyama, akieleza jinsi chatu alivyokuwa na nafasi ya pekee katika fikra za watu wa uwanda huu, kiumbe wa porini aliyehusishwa na mizimu ya nchi na kupewa heshima yake. Chatu naye hula panya. Sitaki kuwavika wazee wetu elimu ya kisasa ambayo hawakuihitaji. Nasema tu kwamba walijua kuishi na mnyama wa kutisha bila kumtesa.

Lakini nisimsahau bibi. Ni rahisi kuwahurumia panya kwa mtu ambaye gunia lake likitobolewa ataenda dukani. Bibi jirani alivuna magunia sita, na hayo sita ndiyo chumvi, sabuni, sare ya shule na ugali hadi mavuno mengine. Mwaka jana walimtobolea mawili. Hawakuyala yote, panya anakula kidogo na kuharibu kingi, anakojoa juu ya kile anachokiacha, na mahindi yenye harufu hiyo mnunuzi hayataki. Na haya ni mambo ya gunia tu. Shambani kuna panya shamba, yule wa kahawia ambaye jike wake ana chuchu hadi 24, anayebeba mimba siku 23 na kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo. Mvua nyingi zikitangulia na majani yakashamiri, huongezeka kwa namna ambayo mkulima akiitazama anahisi ardhi yenyewe inatembea. Hufukua mbegu ya mahindi ikiwa haijaota, akifuata mstari kama aliyeelekezwa na mpandaji. Watafiti walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako panya huyu amechunguzwa kwa miongo kadhaa, wamekadiria kwamba Tanzania hupoteza kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi yake kila mwaka kwa sababu ya panya. Asilimia hizo, ukizileta Matai, ni bibi mmoja amekaa juu ya kigoda anachambua punje nzima kutoka kwenye punje zilizotafunwa.

Na kuna magonjwa. Mwaka 2022, huko Lindi, watu waliugua homa wakitokwa damu puani, wengine wakafa, na nchi ikajifunza jina la homa ya mgunda, ugonjwa ambao panya ni miongoni mwa wanaoubeba kwenye mkojo. Wazee wa Lushoto wanaikumbuka tauni. Kwa hiyo anayesema panya asiuawe kabisa, ajiulize kwanza anasema na nani. Mimi sisemi hivyo. Nilimwua yule wa gundi, na ningelirudi pale ningemwua tena, isipokuwa ningemwua saa ile ile aliyonasa.

Kwa nini yuko nasi, hata hivyo? Mwishoni mwa mavuno, shamba linapobaki vituta na mabua, panya naye anakata shauri kama familia yoyote ya Ufipa: chakula kimehamia nyumbani, nasi tuhamie nyumbani. Anafuata mahindi. Na amekuwa akitufuata tangu tulipoanza kuweka akiba. Mto Kalambo, unaotutenga na Zambia na kuanguka zaidi ya mita 200 kwenye maporomoko ambayo watalii huja kuyatazama, unashika siri ya zamani sana. Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, watafiti walifukua magogo mawili yaliyochongwa na kulazwa moja juu ya jingine kwa mkato uliochongwa makusudi. Mwaka 2023 walitangaza kwamba yana miaka isiyopungua 476,000. Waliojenga pale hawakuwa hata watu wa aina yetu hii. Ujenzi wa miti wa zamani kuliko wote unaojulikana duniani uko kwenye mto wetu. Sijui kama ilikuwa sakafu, njia au kitu kingine, na sitaki kuwajengea nyumba wasiyoijenga, lakini ninapopita kwenye barabara ya Kasanga huwa nafikiri kwamba tamaa ya kuinua kitu juu ya matope na kukifanya kikavu ilikuwepo hapa kabla ya jina la mtu. Mahali pakavu hupendwa na wengi. Panya wadogo wa nyumbani walianza kuishi na binadamu huko Mashariki ya Kati takriban miaka 15,000 iliyopita, mara tu watu walipoanza kutulia mahali pamoja. Panya weusi wa darini walivuka bahari. Mifupa yao imechimbuliwa Unguja Ukuu, kwenye mabaki ya mji wa wafanyabiashara wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Walishuka kutoka majahazini kama walivyoshuka shanga na vyungu. Tuliwaleta, au tuliwaandalia, kisha tukashangaa kuwakuta.

Kiswahili kinaita ukatili unyama, na wema kinauita utu. Nimeanza kuyaonea shaka maneno haya mawili niliyoyapenda tangu utotoni. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walimfungia panya mmoja kwenye bomba jembamba lenye mlango, wakamwacha mwenzake huru pembeni. Yule aliye huru alihangaika, akajaribu, siku baada ya siku, hadi akajifunza kuufungua mlango na kumtoa mwenzake. Walipoweka bomba la pili lenye chokoleti, kitu ambacho panya wanakipenda sana, alifungua yote mawili, na mara nyingi akamwachia mwenzake sehemu ya chokoleti. Nimelisoma jambo hili mara nyingi, na kila nikilisoma narudi nyuma ya magunia yangu. Huenda usiku ule mama yake alikuja, akazunguka kibao, akanusa. Gundi haina mlango wa kufunguliwa.

Na nchi hii, zaidi ya nyingine, isingepaswa kuambiwa kwamba panya ana akili na ana kazi. Morogoro, kwenye chuo kile kile cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa. Wananusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na wananusa kifua kikuu kwenye makohozi ya wagonjwa. Panya buku mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20, kazi ambayo mtaalamu mwenye hadubini huweza kuifanya kwa siku nne. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Morogoro mwaka 2013, akapelekwa Kambodia, na huko akanusa mabomu 71 ya kutegwa ardhini na vilipuzi vingine 38 kabla ya kustaafu mwaka 2021. Mwaka 2020 Waingereza walimpa medali ya dhahabu ya ujasiri, ya kwanza kwa panya. Alikufa Januari 2022. Kuna watoto Kambodia leo wanaokwenda shule kwa miguu yao miwili kwa sababu ya pua iliyozaliwa Tanzania. Panya buku na yule wa gundi si aina moja, najua. Lakini pua ni ile ile, wasiwasi ni ule ule, sharubu zinazotetemeka kabla ya hatua ni zile zile. Kinachotofautisha ni kwamba mmoja tumempa jina.

Jina ni jambo zito, kwa sababu tunalirusha hata kwa watu. Kilomita hamsini hivi kutoka hapa, kule Kasesya mpakani, kuna njia zinazopita pembeni mwa kituo cha forodha, na wote tunaziita njia za panya. Anayepita huko na gunia lake la mahindi usiku anaitwa mhalifu, wakati mwingine ni mhalifu kweli, na wakati mwingine ni mama aliyekwenda kumwona shangazi yake upande wa Zambia. Dar es Salaam waliibuka vijana wenye mapanga, wakawaumiza watu wasio na kosa, nao wakaitwa Panya Road. Waliyoyatenda yalikuwa mabaya na sitayapaka sukari. Ila nilisikiliza mazungumzo ya kwenye kipanya, ile Hiace ya Sumbawanga kuja Matai, siku habari zao zilipovuma, na nikasikia mtu mwema, mwenye rozari mkononi, akisema wamwagiwe petroli. Hakusema hivyo juu ya majambazi miaka ya nyuma. Nadhani jina lilikuwa limeshamfanyia nusu ya kazi. Tukishamwita mtu panya, mkono unakuwa mwepesi, kwa sababu tumeufundisha wepesi huo tangu utotoni, jikoni, usiku, ambapo hakuna wa kutuuliza. Ndiyo maana yule mtoto aliyechuchumaa mbele ya kibao alinitia hofu kuliko panya mwenyewe. Alikuwa anajifunza kutoka kwangu muda gani ni halali kumwacha kiumbe kwenye gundi.

Ufipa ni nchi ya Wakatoliki, na makanisani mwetu wengi wanamjua Mtakatifu Martin wa Porres, bruda wa Kidominiko wa kule Lima, Peru, mtoto wa mwanamke mweusi aliyekuwa ametoka utumwani. Alifariki mwaka 1639. Papa Yohane wa 23 alimtangaza mtakatifu mwaka 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, na picha zake zikaenea Afrika nzima. Mara nyingi huchorwa na fagio mkononi, na miguuni pake mbwa, paka na panya wanakula kwenye sahani moja. Simulizi zinasema panya walikuwa wanaharibu nguo za monasteri, na ndugu zake wakataka kuweka sumu. Martin akamshika panya mmoja, akamwambia akawaite wenzake, wote wahamie mwisho wa bustani, naye atawapelekea chakula kila siku. Wakahama. Naye akapeleka. Nikiwa mtoto niliipenda simulizi hii kwa sababu ya panya anayesikia maneno. Leo naipenda kwa sababu ya fagio. Yule mtu alikuwa mfagiaji. Alijua makombo yako wapi, tundu liko wapi, nguo zinawekwaje. Kabla ya kuzungumza na panya alikuwa ameshazungumza na nyumba.

Hapo ndipo nilipofika baada ya kuzunguka kote huku. Nimeitazama nyumba yangu. Mlango wa jiko ulikuwa na nafasi chini ambayo ningeweza kupitisha vidole viwili. Panya wa nyumbani, yule mdogo, hupita kwenye tundu la unene wa kalamu. Nimepigilia kipande cha bati. Pale bomba la maji linapoingia ukutani palikuwa na pengo, nimelishindilia waya wa kusugulia sufuria, ambao hawezi kuutafuna, kisha nikapaka saruji juu. Kabla ya kuziba nilichungulia na kusubiri siku mbili, kwa sababu kuwafungia watoto ndani ya ukuta wafe kwa njaa ni gundi nyingine. Magunia nimeyainua juu ya kichanja na kuyatenga na ukuta kiasi cha kupita mtu na tochi. Mahindi ya kula yako kwenye pipa la bati lenye kifuniko. Ile mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa ni kinga nzuri ya dumuzi, lakini panya huitoboa. Ugali uliobaki haulali wazi. Kwa bibi tulikata madebe ya zamani tukayavika miguu ya kihenge chake, mdomo umeelekea chini, nusu ya kimo cha mtu kutoka ardhini, akipanda akute bati linateleza. Kazi yote ilichukua Jumamosi moja, na wajukuu walishindana kushika misumari.

Kuna nchi zilizoiona gundi na kuikataa. Wales iliipiga marufuku mwaka 2023. England, tangu Julai 2024, imeiruhusu kwa wataalamu wenye leseni tu. Sisi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama, ila hakuna sheria inayoweza kuamka saa tisa ya usiku na kumulika nyuma ya magunia ya kila mtu. Huko tunakwenda wenyewe.

Na wanaopenya bado wapo, kwa sababu hakuna nyumba iliyoziba kabisa. Kwao nimerudia mtego wa zamani wa chuma, ule wa kufyatuka, uliokazwa, uliotegwa ukingoni mwa ukuta wanapopita, na ambao shingo haisubiri asubuhi. Nauangalia kabla ya kulala na nauangalia nikiamka. Wa ndoo ya maji siutumii, kwa kuwa kuogelea ukutani hadi kuchoka nako ni saa. Nilifikiria kuwanasa wakiwa hai na kwenda kuwaachia mbali, nikaacha: panya aliyetupwa pasipo njia zake hufa kwa baridi au kwa mwewe, na aliyetupwa karibu anarudi. Kibao cha gundi kilichobaki kwenye pakiti nilikichoma moto pamoja na kile cha kwanza. Kijana wa spika alipopita wiki iliyofuata nilimwambia sababu, akasikiliza, akasema mtego wa chuma anao pia, ila watu hawauulizi.

Ndugu msomaji, panya shamba hubeba mimba siku 23, na mvua za Ufipa huanza Novemba. Kama kuna tundu chini ya mlango wa jiko lako, lizibe wiki hii. Na kama usiku wa leo umetega gundi, amka ukaangalie.